Panga Chini ya Kitanda

Saa nane na nusu usiku, stima imepotea ploti nzima, na mtu anatikisa mlango wangu.

Naishi Kangemi, chumba kimoja, mlango wa mabati, komeo moja ndani. Kwanza nilidhani ni upepo. Halafu nikasikia chuma kikikwaruza chuma, mtu anapapasa pale kufuli hukaa. Sikuwasha simu. Niliteremka kitandani polepole, nikaingiza mkono chini yake, nikatoa panga. Mamangu alinipa panga hilo siku niliyohama nyumbani. Aliniambia, "Hili si la kukata mtu. Ni la kukufanya upate usingizi."

Nilisimama kando ya mlango, panga limeinuka juu ya bega. Nilikuwa nimeshaamua. Akiingia, nakata. Mlango ukasukumwa mara moja, mara mbili, komeo likaanza kulegea. Kisha sauti ikasema kwa upole kabisa, "Mama, fungua bana. Ni mimi."

Alikuwa jirani wa mlango wa tano. Wangu ni wa nne. Ploti yetu ina milango kumi na miwili, yote inafanana kama shilingi kwa ya pili, na gizani watu huhesabu kuanzia bombani. Mzee alikuwa ametoka kunywa, akahesabu vibaya.

"Mzee, hapa si kwako," nikamwambia. "Songa mlango mmoja."

"Ala! Pole, kijana yangu. Pole sana."

Akasonga. Nilikaa kitandani mpaka kukapambazuka, panga kwenye mapaja, mkono ukitetemeka. Asubuhi alikuja na nusu mkate kuomba msamaha. Nikamwambia hakuna shida. Kuhusu panga sikumwambia.

Sekunde mbili zaidi, na leo ningekuwa nani? Mwenye nyumba aliyejilinda, ama muuaji anayengoja kesi rumande? Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kabisa, na tangu hapo naandika kwa malipo ya makala moja moja. Maana yake ni kwamba pesa sina lakini muda ninao. Wiki hiyo nikapanda matatu ya kwenda tao kutafuta jibu.

Nilianzia Maktaba ya McMillan, Banda Street. Jengo lenyewe lina la kusema kuhusu milango. Lilifunguliwa 1931 kwa kumbukumbu ya Northrup McMillan, tajiri mwindaji aliyezaliwa Marekani, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ukitoka hapo, ukivuka Kenyatta Avenue, dakika chache tu unamkuta Dedan Kimathi amesimama kwenye barabara yenye jina lake. Sanamu hiyo ilizinduliwa 18 Februari 2007. Mkono mmoja bunduki, mkono mwingine kisu. Watu hupiga picha hapo, wengine hungojea wapenzi wao hapo.

Wengi wetu tunajua Kimathi alinyongwa. Wachache tunajua kosa aliloandikiwa. Hakuhukumiwa kwa kuua mtu. Novemba 1956, huko Nyeri, alihukumiwa kifo kwa kupatikana na bastola, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Yaani katikati ya jiji tumemweka mtu wa shaba akiwa ameshika kitu cha aina ile ile iliyomtia kitanzi. Niliposimama pale nikaona swali langu ni la zamani kuliko panga langu.

Basi tuanze na barabara. Matatu zetu hupita Waiyaki Way, na siku nyingi hiyo "Waiyaki" ni jina tu la msongamano wa magari. Oktoba 1890, Frederick Lugard, akiitumikia Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alifika Dagoretti. Mwanzoni alipiga hodi kama mgeni anavyopaswa. Alikula kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga, akaruhusiwa kujenga boma, kisha akaendelea na safari yake ya Uganda. Walioachwa nyuma hawakuwa na adabu hiyo. Watu wa Kampuni na misafara iliyopita hapo walichukua chakula cha wenyeji kwa nguvu. Boma likashambuliwa, likaachwa. Mwaka 1891 Kampuni ikajenga jingine, Fort Smith, upande wa Kabete.

Agosti 1892 Waiyaki aliingia ndani ya boma hilo. Kukazuka ugomvi, akajeruhiwa kichwani, akafungwa minyororo, akapelekwa kuelekea pwani. Alifia njiani, Kibwezi.

Kwa maelezo ya Wazungu wa boma, Waiyaki ndiye aliyekuwa mvamizi. Aliingia kwa watu akiwa na silaha, na wao wakajilinda. Ukiitazama kutoka ndani ya kuta za boma, hadithi inaingiana vizuri. Ukirudi nyuma hatua mia moja, ukasimama kwenye shamba lililovunwa na wageni, inageuka. Boma lilihesabiwa kuwa nyumba. Nchi iliyolizunguka haikuhesabiwa kuwa nyumba ya mtu.

Miaka thelathini baadaye mahakama iliyaandika hayo waziwazi. Mwaka 1921, katika kesi ya Wakikuyu waliokuwa wakigombania ardhi, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba kwa sheria za ardhi za koloni, Waafrika wamekuwa wapangaji wa Ufalme, wanaokaa kwa ridhaa yake tu. Fikiria maana yake kwa mtu wa Dagoretti wakati huo. Nyumba ya babu yako iko pale pale, moshi unatoka, mbuzi wanalia, lakini kisheria umekuwa kama mimi hapa kwa mwenye ploti, tena bila hata risiti ya kodi.

Jiji likajengwa juu ya msingi huo. Milima ya magharibi, yenye hewa na miti, Kileleshwa, Kilimani, Lavington, ikawa ya Wazungu. Wahindi wakapewa sehemu kama Parklands. Mwafrika mwenye kazi akapelekwa Eastlands, ama akalala kwenye kibanda cha mtumishi nyuma ya nyumba ya mwajiri. Kangemi na Kawangware zilikuwa nje ya mpaka wa jiji, katika eneo walilotengewa Wakikuyu.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa 20 Oktoba 1952. Tarehe 24 Januari 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia nyumba ya familia ya Ruck huko Kinangop, wakaua baba, mama na mtoto wao mvulana wa miaka sita. Sitaki kulipita tukio hilo haraka. Mtoto alikuwa kitandani kwake. Kama kuna maana yoyote ya neno mvamizi, ni hiyo, na hofu iliyofuata ilikuwa ya kweli. Siku mbili baadaye walowezi wapatao 1,500 waliandamana hadi makao ya gavana, ambayo leo ni Ikulu ya Nairobi, wakidai hatua kali zaidi. Walowezi walikula chakula cha jioni bastola ziko mezani, na kukiingia giza watumishi wakafungiwa nje ya nyumba kubwa. Mtu aliyekupikia saa kumi na moja, saa moja usiku ni mshukiwa.

Mwaka huo huo, 1953, ndipo ilipotungwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ndiyo hiyo hiyo tunayotumia leo, ikiwa na marekebisho. Tuliirithi kutoka mwaka ambao koloni liliogopa kuliko mwaka mwingine wowote. Mzungu alihimizwa awe na bastola. Mwafrika aliyepatikana na bunduki, au hata risasi bila bunduki, angeweza kunyongwa chini ya kanuni za Hali ya Hatari. Waliopewa silaha ni wale serikali iliwaamini, nao wakaitwa kwa jina la kushangaza, walinzi wa nyumbani, ndio hao wazee wetu huwaita ngati. Hadi mwisho wa vita hivyo, watu 1,090 walikuwa wamenyongwa kwa makosa ya Mau Mau, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua. Walowezi raia waliouawa walikuwa 32.

Na milango ya Waafrika je? Tarehe 24 Aprili 1954, alfajiri, majeshi yalizunguka Nairobi katika Operesheni Anvil. Walikwenda mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, wakitoa watu nje. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, wengi wakipitishwa kambi ya uchunguzi ya Lang'ata. Hakuna aliyepiga hodi. Mwaka mmoja, jiji moja: upande wa magharibi mwenye nyumba ana haki ya kupiga risasi kivuli, upande wa mashariki mwenye nyumba anatoka na mikono juu ya kichwa.

Hapo nikafunga vitabu vya historia, nikafungua sheria ya leo. Niliwaza nitakuta kifungu kirefu chenye masharti moja, mbili, tatu. Kumbe Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ni sentensi moja. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba nguvu iliyotumika kulinda mwili au mali itapimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Basi. Ukitaka kujua kama naweza kumkata mtu anayevunja mlango wangu Kangemi, unatumwa London.

Na London watakupeleka nyuma sana, hadi 1604, kwenye kesi ya Semayne, ambapo wazo kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake liliandikwa na mwanasheria Edward Coke. Wamarekani walilichukua wazo hilo wakalikuza. Juni 2008 Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba Katiba inampa raia haki ya kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Kwetu, Katiba ya 2010 inakulinda nyumba yako isipekuliwe ovyo, Kifungu cha 31, lakini haina neno kuhusu raia na bunduki. Bunduki ni leseni, na leseni ni mpaka Bodi iridhike kwamba una sababu.

Lakini haki ya kujilinda ipo, hata bila bunduki. Mahakama zetu zinauliza mambo matatu hivi. Je, uliamini kweli uko hatarini? Je, hatari ilikuwa hapo hapo, si ya jana wala ya kesho? Je, nguvu uliyotumia ililingana na hatari uliyoiona? Na kuna jambo ambalo majaji wa Afrika Mashariki walilijenga wenyewe, likathibitishwa katika kesi ya Mokwa ya 1976: ukijilinda ukapita kiasi, ukaua, kosa lako laweza kushuka kutoka mauaji ya kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Haikufanyi uwe huna hatia. Kuua bila kukusudia kunaweza kukufunga maisha. Ila ni sheria inayojua kwamba mtu aliyeamshwa saa nane usiku hana mizani mkononi.

Nikajipima. Niliamini niko hatarini? Ndiyo, naapa. Hatari ilikuwa hapo? Mlango ulikuwa ukifunguka. Nguvu ililingana? Hapo ndipo nanyamaza. Mzee alikuwa na chupa tupu na funguo za mlango wa tano. Pengine hakimu angeniamini kuhusu giza. Lakini swali lote la kesi lingekuwa hilo: nani anaaminika anaposema aliogopa?

Kuna mtu mmoja aliyeaminika haraka. Ukitembea Kenyatta Avenue, ujue zamani iliitwa Delamere Avenue, kwa heshima ya kiongozi wa walowezi. Aprili 2005, kitukuu chake, Thomas Cholmondeley, alimpiga risasi Samson ole Sisina, askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, aliyekuwa kazini kwenye shamba la familia hiyo, Soysambu. Alisema alidhani ni majambazi. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu alisimamisha mashtaka, kesi ikaisha kabla haijasikizwa. Mei 2006, kwenye shamba hilo hilo, alimpiga risasi Robert Njoya, mchonga mawe aliyekuwa na wenzake na mbwa. Safari hii kesi ilisikizwa Nairobi. Utetezi ulisema alilenga mbwa. Mei 2009 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa kifungo cha miezi minane, baada ya miaka mitatu aliyokuwa amekaa Kamiti akingoja. Kamiti ile ile.

Sisemi mtu mwenye shamba hawezi kuogopa majambazi. Wakenya wote tunawaogopa. Nauliza tu: Njoya angesema nini kama yeye ndiye angempiga risasi mwenye shamba, aape kwamba alidhani ni jambazi? Nani angesimamisha mashtaka yake?

Rudi Westlands sasa. Jumamosi, 21 Septemba 2013, magaidi waliingia Westgate. Watu 67 waliuawa. Kabla vikosi maalum havijafika, walioingia kuokoa watu walikuwa polisi wachache na raia wenye bastola za leseni. Mmoja wao, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, picha zake akiwasaidia watu kutoka zilizunguka dunia. Sitawahi kusema bunduki hizo zilikuwa mbaya siku hiyo. Kuna watu wanaishi leo kwa sababu yake. Ila nawaza pia kuhusu wale waliokuwa wamesimama getini kila siku, masoja wa kampuni za ulinzi. Soja wa Nairobi analinda mali ya mamilioni na rungu, tochi na firimbi. Wengi wao hulala Kangemi na Kawangware. Usiku analinda mlango wa mwenzake Lavington, mlango wake mwenyewe unalindwa na kufuli.

Ndiyo maana huku kwetu silaha kubwa ni mdomo. Ukisema "Mwizi!" mara moja tu, milango kumi na miwili inafunguka, halafu ya ploti ya pili, halafu ya barabara nzima. Nimekua nikiona hiyo ni nguvu yetu. Polisi wakichelewa, majirani hawachelewi. Lakini niliwahi kuona umati umemshika kijana karibu na stendi. Kila aliyefika aliuliza "Ni huyu?" na hakuna aliyengoja jibu. Yale maswali matatu ya mahakama hayana pa kusimama mbele ya watu arobaini wenye mawe. Wala si wezi tu. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, vibanda na nyumba vilichomwa pale Kawangware 56, jirani akimwona jirani kuwa mvamizi kwa sababu ya jina lake la pili. Ongea na watu wa pande zote mbili, utasikia neno moja: tulikuwa tunajilinda.

Sasa naelewa kwa nini mkono wangu ulitetemeka hadi asubuhi. Ningepiga kelele badala ya kushika panga, mzee angekufa vilevile, ila mikono ingekuwa mingi na mimi ningerudi kulala nikiwa msafi.

Nilitoka nyumbani nikitafuta jibu la kama nina haki. Ninayo. Sitamwambia mama anayelala peke yake na watoto Kangemi kwamba akae mikono mitupu mlango ukivunjwa, na sheria pia haimwambii hivyo. Lakini kila nilipofungua ukurasa, haki hiyo ilikuwa imeanza na mtu kuamua ni nani wa hapa na ni nani mvamizi. Waliofanya uamuzi huo Fort Smith walikuwa wageni. Waliofanya uamuzi huo 1953 walimfungia nje mpishi wao. Mimi niliufanya gizani kwa sekunde mbili, na nilikosea.

Kwa hivyo nilifanya jambo dogo. Nilinunua mkebe mdogo wa rangi nyeupe, nikaongea na mwenye ploti, na Jumapili moja nikaandika namba kubwa kwenye milango yote kumi na miwili. Watoto walinisaidia, ndiyo maana saba imeegemea kushoto. Mwenye ploti alilalamika kidogo kuhusu bei, mwishowe akaweka taa ya sola pale bombani. Komeo nimebadilisha. Panga bado ninalo, lakini nimelihamisha. Liko nyuma ya mtungi wa gesi, mahali ambapo lazima niwashe taa ndipo nilifikie. Na nikiwasha taa, nitamwona mtu.

Juzi usiku nilisikia tena hatua zikikaribia, polepole, zikisimama kila mlango. Nikakaa kitandani kusikiliza. Zikafika kwangu, zikanyamaza. Halafu kidole kikapita juu ya rangi, kikichora namba.

"Hodi," ikasema sauti. "Kijana yangu, hii ni nne, sivyo?"

"Ni nne, Mzee."

"Basi niko sawa. Lala."